Kabla Geti la Bweni Halijafungwa

Buga, 9 Februari 1998

Bwana Gildardo Marulanda,

Hunifahamu vizuri, ingawa tuliwahi kupeana mikono siku ya harusi yangu, mwaka 1963, ulipofika keki imekwisha. Mimi ni Nohemy, mke wa Abelardo Ospina, mliyekaa naye chumba kimoja katika bweni la San Cayetano mlipokuwa mkisomea upimaji wa ardhi huko Manizales. Anwani yako nimepewa na katibu wa chama cha wanafunzi wa zamani.

Chama kinatayarisha kijitabu cha kumbukumbu za mabweni ya zamani, na Abelardo ameombwa aandike kurasa chache. Ana shughuli nyingi siku hizi, kwa hiyo kazi ya kuulizauliza ameniachia mimi. Naomba unisaidie kwa haya: chumba chenu kilikuwa ghorofa gani, na ngazi zilikuwa upande upi ukiingia? Nani alilala kitanda kipi? Bafu lilikuwa wapi? Geti lilifungwa saa ngapi, na aliyechelewa alimwambia nini bawabu ili afunguliwe?

Tafadhali uwe sahihi, maana nikikosea anakasirika.

Usijisumbue kupiga simu. Yetu ni mbovu.

Wako kwa heshima,
Nohemy Castaño de Ospina


Manizales, 20 Februari 1998

Shemeji Nohemy,

Keki naikumbuka, yaani nakumbuka sahani yake. Basi lilikwama matopeni nikaingia ukumbi wa kanisa na viatu mkononi, na mumeo akaniambia mbele ya padri, "Shoto, hata kuzikwa utachelewa." Shoto ndilo jina alilonipa yeye, kwa sababu naandika kwa mkono wa kushoto. Tangu niache kazi hakuna anayeniita hivyo tena.

Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni, hata koti sijavua. Tangu mke wangu Amparo afariki, kinachokuja hapa ni bili tu.

Haya. Ghorofa ya tatu, ya juu kabisa, chini ya mabati. Mvua ikinyesha tulikuwa tunaongea kwa ishara. Ngazi ziko kulia ukiingia, za mbao, na ile ya juu kabisa ilikuwa inalia kama paka, kwa hiyo mtu aliyechelewa aliiruka. Vitanda vitatu vya chuma. Abelardo dirishani, maana alitoka nchi ya joto na alitaka kila asubuhi auone mlima wenye theluji, ajue hajaota. Mimi katikati. Wenceslao Pineda karibu na mlango, kwa sababu alikojoa mara nyingi. Bafu lilikuwa ng'ambo ya ua, na maji yake yalikuwa baridi kiasi kwamba tulioga tukiimba, si kwa furaha.

Geti lilifungwa saa tatu. Bawabu alikuwa Don Eleuterio, mzee wa masharubu, mkali usoni tu. Ukichelewa ulimwambia, "Don Eleuterio, nilikuwa kwenye ibada." Naye alijibu, "Ibada gani inanuka pombe ya anisi?" Kisha anafungua.

Bweni bado lipo. Napita pale karibu kila siku nikienda kununua mkate. Zamani lilikuwa la njano, sasa wamelipaka kijani, na madirisha ya juu yanahitaji fundi. Lakini kuta zile za mianzi na udongo zimesimama imara kuliko magoti yangu.

Sasa niambie, huyo mtundu ana shughuli gani? Amestaafu kama mimi. Mwambie achukue kalamu mwenyewe.

Gildardo


Buga, 4 Machi 1998

Shemeji,

Asante. Barua yako nilimsomea mara mbili, na usiku ule alilala vizuri sana.

Nina maswali mengine. Wenceslao alikwenda wapi, na atarudi lini? Abelardo anataka kujua kama amerudi na lile blanketi la sufu. Jingine: asubuhi foleni ya bafu ilianza saa ngapi? Anaona anachelewa kila siku.

Na la mwisho, jibu tu bila kunificha, mimi ni mtu mzima na nimeolewa miaka mingi. Stella ni nani? Anamtaja sana. Anasema Stella amelala njaa na hakuna anayemjali isipokuwa yeye.

Kuhusu kalamu, atakuandikia akipata nafasi.

Nohemy


Manizales, 15 Machi 1998

Shemeji Nohemy,

Naanza na Stella ili nawe ulale vizuri. Stella alikuwa mbwa wa jikoni, jike jeupe lenye sikio moja. Abelardo alikuwa akimfichia mifupa kwenye mfuko wa koti, na msimamizi wa bweni alilalamika kuhusu harufu mpaka tulipohitimu. Huna haja ya wivu.

Foleni ilianza saa kumi na moja alfajiri. Wa kwanza alikuwa kila mara mtu wa dini.

La Wenceslao limenifanya nikae na karatasi hii siku mbili. Shemeji, Wenceslao alikufa. Ilikuwa miaka ile ya mauaji ya kisiasa, Desemba 1955. Alikuwa anakwenda kwao likizo, upande wa mji wa Líbano, na basi lao lilisimamishwa njiani na watu wenye bunduki. Kwa kuwa kule juu ni baridi, Abelardo alikuwa amemwazima blanketi lake. Na ni Abelardo aliyefuatana na baba wa marehemu kwenda kuuleta mwili. Aliporudi hakununua blanketi jingine mwaka mzima.

Haya Abelardo anayajua kuliko mimi. Hawezi kuniuliza kama Wenceslao amerudi.

Nimempigia pia katibu wa chama. Hajui habari ya kijitabu chochote.

Nohemy, kuna nini hapo nyumbani?

Gildardo


Buga, 24 Machi 1998

Shemeji Gildardo,

Hakuna kijitabu.

Abelardo anaumwa akili, mwaka wa pili sasa. Daktari ametupa jina la ugonjwa na vidonge ambavyo havisaidii. Anakula, anatembea, ndevu ananyoa mwenyewe. Lakini kila jioni giza likianza kuingia, anavaa koti, anachukua mkoba wake wa kazi, ananishika mkono na kuniambia, "Asante sana kwa chakula, mama. Lazima nirudi bwenini kabla geti halijafungwa." Mimi ndiye mama huyo. Anadhani nina mgahawa.

Mwanzoni nilibishana naye. Nilimwonyesha picha ya harusi. Alinipongeza, akasema bwana harusi ana sura ya mtu mwema. Kisha akalia kwa sababu nimemchelewesha. Mara mbili alitoka nikiwa naoga, na polisi wakamrudisha kutoka barabara kuu. Mwanetu Hernando anakuja kutoka Cali Jumapili moja moja, na kila akija anasema, "Mama, mpeleke kwenye nyumba ya wazee, utakufa wewe kabla yake." Labda ni kweli.

Nikaona, kama hawezi kukaa kwangu, basi mimi nijue anakokaa. Ndiyo maana nilikuandikia. Sikutaka kuomba huruma ya mtu niliyemwona mara moja. Simu yetu ni nzima kabisa. Nilikukataza kwa sababu yeye ndiye anayekimbilia kuipokea, na akisikia sauti ya mzee inayojiita Shoto atasema ni tapeli.

Barua zako zimenisaidia kuliko vidonge. Sasa anaposimama mlangoni namwambia, "Leo Don Eleuterio ametoa ruhusa, geti litafungwa saa tano." Anarudi kukaa. Ananiuliza, "Umemjuaje Don Eleuterio?" Namwambia kila mtu anamjua. Wenceslao nimemwambia atarudi Jumatatu. Kama ni dhambi, padri hajaniambia bado, kwa sababu sijamwuliza.

Nimeamua hivi. Kwa kuwa umesema bweni lipo na kuta ni imara, nitamleta. Akiona ngazi zake na dirisha lake, huenda moyo ukatulia. Tutafika Jumamosi ya tarehe 4 Aprili, kwa basi la asubuhi. Hutakuwa na kazi ya kutupokea, nitauliza njia mwenyewe. Ila ukitaka kutukuta hapo mlangoni penye rangi ya kijani, utakuwa umenifanyia jambo kubwa.

Nohemy


TELEGRAMU
Manizales, 3 Aprili 1998

NOHEMY CASTAÑO, BUGA. MSIJE. BWENI HALIPO. BARUA INAFUATA. GILDARDO.


Manizales, 3 Aprili 1998

Nohemy,

Barua yako imefika leo, baada ya siku kumi njiani, na nimekimbilia posta. Nimejaribu simu yenu pia. Aliyepokea alisema, "Hapa ni bwenini, piga kesho," akakata. Nilimjua kwa sauti.

Bweni lilibomolewa mwaka 1994. Palipokuwa na ua na jiko sasa ni maegesho ya magari, na kando yake kuna jengo la kompyuta. Sikupita pale jana wala juzi. Tangu walipoweka uzio wa mabati kuanza kubomoa, nanunua mkate mtaa mwingine.

Nilikudanganya. Uliuliza ngazi ziko upande gani, na nilipoandika "kulia" niliziona. Nikaandika "lipo." Baada ya hapo ilibidi nilipake rangi.

Natumaini telegramu imewahi.

Gildardo


Buga, 8 Aprili 1998

Bwana Gildardo,

Telegramu yako niliikuta chini ya mlango Jumapili, tuliporudi.

Tulifika Jumamosi saa saba mchana, manyunyu yakianza. Abelardo njiani alikuwa mtulivu, akiwataja wenye mashamba aliyoyapima. Pale chuoni nilimsimamisha msichana mmoja mwenye vitabu.

"Mwanangu, bweni la San Cayetano liko wapi?"

"San Cayetano ni mtaa, bibi?"

"Ni bweni. La kijani, ghorofa tatu."

"Labda jengo la kompyuta. Lile lina vioo vya kijani."

Nilizunguka naye kilima kile cha chuo mara mbili nikitafuta mabati na mianzi, nikidhani ni mimi sioni vizuri. Mwishowe mama mmoja anayeuza kahawa getini aliniambia, "Walilivunja zamani. Hapo unapokanyaga ndipo."

Abelardo alikuwa ameshaniacha. Alipita katikati ya magari bila kuuliza mtu, akageuka kulia, akatazama juu ulipo mlima, ingawa ulikuwa umefunikwa na wingu. Akasogea hatua moja kushoto. Kisha akaweka mkoba chini kati ya magari mawili, akaukalia, akavua viatu.

Alikuja mwalimu mmoja kijana, mwanamke, na funguo mkononi. "Samahani mzee, nataka kutoa gari."

"Toka tu, binti," akamwambia. "Ila ufunge mlango, baridi inaingia."

Yule mwalimu akanitazama, nami nikamtazama. Alirudi ofisini akasubiri. Mlinzi hakuwa na subira hiyo. Aliniuliza kama mzee anaumwa, nikamwambia alisoma hapa. "Wengi wamesoma hapa, mama," akasema, "lakini hawavui viatu."

Tulikaa mpaka saa kumi na nusu, mvua ikitunyeshea. Sijamwona na amani kama ile kwa muda mrefu, na mimi sijawahi kujiona mpumbavu kama siku ile. Jioni tulilala nyumba ya wageni, kesho yake tukarudi. Na Jumapili hiyo hiyo, giza lilipoingia, alivaa koti na kunishukuru kwa chakula.

Ungesema tu kwamba lipo, ningekusamehe. Watu wanasema hivyo. Lakini ulinitajia hadi rangi.

Usiniandikie tena.

Nohemy Castaño


Manizales, 20 Aprili 1998

Nohemy,

Nimevunja amri yako kwa sababu ya jambo moja tu.

Nilikwenda kwenye maegesho yale. Yule mama wa kahawa anawakumbuka. Nilisimama kati ya magari nikatafuta kitanda changu, sikukipata. Mimi mwenye akili timamu sikukipata, na yeye alikipata chake.

Bweni siwezi kulijenga upya. Lakini nimebaki mtu wa mwisho aliyekaa humo naye. Nina afya, nyumba yangu haina mtu, na najua kupika mikate ya arepa na kukaa kimya. Nikija Buga kwa wiki mbili, wewe utaweza kulala mchana, au kwenda kwa dada yako, au kukaa tu bila kumlinda mtu.

Gildardo


Manizales, 2 Mei 1998

Nohemy,

Hujajibu, na una haki. Nitakuwa stendi ya Buga Alhamisi ya tarehe 14, mchana. Usipotokea, nitakunywa kahawa pale na kupanda basi la kurudi, wala sitakulaumu.

Gildardo


Manizales, 3 Juni 1998

Shemeji Nohemy,

Nimefika salama. Asante kwa kuja stendi, hata kama maneno yako ya kwanza yalikuwa, "Umezeeka vibaya."

Kuna jambo lililotokea siku uliyokwenda Tuluá kwa dada yako. Sikukueleza tukiwa mezani kwa sababu nisingeweza kulimaliza.

Unajua hakunitambua. Siku ya kwanza alinitazama sana, akaniuliza kwa adabu, "Samahani mzee, wewe ni baba yake Shoto? Mnafanana." Nikajibu ndiyo, kwa kuwa wewe ulinifundisha tusibishane naye. Nikawa baba yangu kwa wiki mbili.

Siku hiyo ya Tuluá tulikuwa uani tunamenya maharage. Akaangalia kama kuna mtu anasikia, akanisogelea. "Don Marulanda," akasema, "najua umekuja kumtoa mwanao chuoni. Kahawa imeanguka bei na unataka mikono shambani. Nakuomba usimtoe. Ana mdomo mrefu, lakini hesabu zake ndizo tunazonakili sote. Chakula tutagawana naye. Mimi na Wenceslao tumeshakubaliana. Yeye asijue, atakataa."

Shemeji, mwaka wangu wa pili baba alikuja kweli Manizales kunitoa. Nilijua. Nilikuwa nimeshafunga sanduku. Nilipotoka darasani nilikuta ameondoka, kaacha salamu kwa bawabu kwamba nisome. Sikuwahi kupata sababu, na baba hakuwa mtu wa kuulizwa. Muhula ule wote Abelardo na Wenceslao walikuwa wakisema wameshiba, wananisukumia sahani zao, nami nikiwacheka kwamba wana matumbo ya ndege.

Nilimwambia, "Sawa, kijana. Sitamtoa."

Akanipa mkono. Halafu akaendelea na maharage.

Nilikuja kwako nikidhani ninakupa msaada. Naomba unikubalie nirudi Julai.

Gildardo


Buga, 17 Juni 1998

Shemeji,

Julai njoo. Chumba cha nyuma nimekisafisha na Hernando ameleta godoro. Naye amenyamaza kidogo kuhusu nyumba ya wazee, tangu aliponikuta nimenenepa.

Barua yako nimeisoma peke yangu, sikumsomea. Nilidhani nimeolewa na mtu ninayemjua. Miaka yote hiyo hakuwahi kunisimulia habari ya sahani. Nilikwenda nikamtazama akinyoa ndevu.

Anakuulizia. Anasema baba yake Shoto ni mzee mwelewa, tofauti na alivyosikia.

Nikueleze la juzi, kwa sababu sina mwingine wa kumweleza atakayeelewa. Jioni alivaa koti kama kawaida na kunishukuru kwa chakula. Nilikuwa nimechoka, na habari za ruhusa ya Don Eleuterio zikanishinda. Nilikaa kwenye kiti cha mlangoni. Akasimama mbele yangu, akaniuliza, "Mama, kwani wewe ukifunga mgahawa huwa unakwenda wapi?"

Nikamwambia sina pa kwenda.

Akafikiri. "Wanawake hawaruhusiwi kule," akasema, "lakini twende. Nitazungumza nao."

Basi nikavaa koti langu. Mlango ninaoufunga kwa ndani kila jioni, safari hii niliufungua. Nilimshika mkono tukatoka. Tulizunguka uwanja wa kanisa, tukapita kwa muuza maua, tukapita shuleni. Majirani walitusalimia, naye akawajibu kwa kuinua kofia. Alikuwa anatembea mbele kidogo, kama mtu anayejua njia. Tulipofika mtaa wetu kutokea upande ule mwingine, akapunguza mwendo, akaitazama nyumba yetu kuanzia chini mpaka paani.

"Tumefika," akasema.

Akanifungulia mlango. Akanionyesha chumba chetu na kitanda chetu, akasema hicho kipo wazi, naweza kukichukua. Nililala upande wangu na yeye upande wake. Nilidhani ameshasinzia, kumbe ananisikiliza.

"Unalia?" akaniuliza.

Nikasema kidogo tu.

"Usiogope," akasema. "Mwaka wa kwanza ni mgumu kwa kila mtu. Baadaye unazoea."

Nohemy